Namna ya kumpima muuzaji wa chai ya daraja la juu: ubora, bei na huduma

Chai ya kawaida ikikuangusha, umepoteza kikombe kimoja. Chai ya daraja la juu ni habari nyingine. Unalipa mara tano, mara kumi, pengine mara hamsini ya bei ya kawaida, na karibu kila unacholipia hukioni kwa macho. Nani alichuma, mlima upi, mwezi gani, mzigo umelala stoo muda gani: hayo anayajua muuzaji, wewe huyajui. Ndiyo maana nasema kabla ya kuipima chai umpime kwanza anayeiuza, na swali la kumpimia ni moja: anakupa habari unazoweza kuzihakiki, au anakupa sifa tu?

Hatua hizi nimezipanga kwa gharama. Za mwanzo hazikugharimu hata senti, na wauzaji wabovu walio wengi utawaacha humo humo kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Soma maelezo, bei iache kwanza

Chai zote za kweli, iwe nyeupe, ya kijani, ya njano, oolong (iliyo kati ya kijani na nyeusi), nyeusi au pu-erh (chai ya Yunnan, Uchina), zinatoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Mmea huo una jamii mbili kubwa: ya majani madogo, ambayo asili yake ni Uchina, na ya majani makubwa, inayojulikana kwa jina la Assam. Kinachotenganisha chai ya bei ya chini na ya bei ya juu ni aina ya mche, mahali ulipooteshwa, msimu wa kuchuma, sehemu iliyochumwa (kichipukizi peke yake, au kichipukizi na jani moja, au na majani mawili), na jinsi majani yalivyonyaushwa, kusokotwa na kukaushwa. Muuzaji anayejiita wa daraja la juu anatakiwa akueleze hayo kwa kila chai anayoiuza, bila kuulizwa.

Tazama maelezo haya mawili:

"Chai adimu ya kijani kutoka milima yenye ukungu, iliyochumwa kwa mikono ya mafundi, yenye ladha ya kipekee."

"Chai ya kijani ya Longjing, mkoa wa Zhejiang, Uchina. Mche: Longjing namba 43. Imechumwa wiki ya mwisho ya Machi mwaka huu. Kichipukizi na jani moja. Imekaangwa kwenye sufuria. Imefungwa Mei."

Ya kwanza huwezi kuikanusha kwa sababu haina cha kukanusha. Ya pili ina mambo sita, na lolote kati ya hayo linaweza kumuumbua muuzaji akiwa anadanganya. Mtu anayekubali kujifunga hivyo mbele ya wateja ameshakuonyesha sehemu kubwa ya tabia yake.

Kama una muda wa kuangalia jambo moja tu, angalia tarehe ya kuchumwa. Nasisitiza: ya kuchumwa, si ya kufungwa, wala si ya mwisho wa matumizi. Tarehe ya mwisho wa matumizi mara nyingi huhesabiwa kuanzia siku chai ilipofungwa kwenye pakiti, kwa hiyo mzigo uliolala stoo miaka miwili unaweza kupata maisha mapya siku ya kufungwa. Kwa chai ya kijani jambo hili si dogo, kwa kuwa harufu yake mbichi hupungua mwezi kwa mwezi, na nyingi huwa zimechoka baada ya mwaka mmoja. Longjing ya bei kubwa kabisa ni ile iliyochumwa kabla ya Qingming, siku ya kalenda ya Kichina, yaani kabla ya tarehe 5 Aprili hivi. Inayofuata kwa thamani huchumwa kabla ya Guyu, siku nyingine ya kalenda hiyo, karibu na tarehe 20 Aprili. Tofauti ya wiki mbili hubadilisha bei vibaya sana, sasa muuzaji asiyeandika hata mwaka anataka umlipe kwa lipi?

Darjeeling, chai ya milimani huko India, nayo ina misimu yake. Mavuno ya kwanza ni kuanzia mwisho wa Februari hadi Aprili, ya pili Mei na Juni, na ya vuli hufuata mvua zikishapungua, Oktoba na Novemba. Ya kwanza ni nyepesi na yenye harufu ya maua, ya pili ina mwili zaidi. Muuzaji akiandika "Darjeeling" basi, bila msimu, ujue au hajui anachouza au amechanganya.

Upya si sifa kwa kila chai, hata hivyo. Pu-erh huhifadhiwa kwa miaka, chai nyeupe pia, na oolong zilizochomwa sana huvumilia. Hapo mambo yanageuka: unataka kujua mwaka wa kuchumwa, na pia chai ilihifadhiwa wapi, pakavu au penye unyevu.

Kisha kuna zile herufi za madaraja: OP, TGFOP, SFTGFOP1 kwa majani marefu, BOP kwa yaliyovunjwa, na BP1, PF1 au D1 kwa chai ya punje inayosagwa kwa mashine za CTC, zile zinazoponda, kurarua na kuviringisha majani. Wauzaji wengine huzitaja kana kwamba ni medali. Zinaeleza ukubwa na sura ya jani baada ya kuchekechwa kiwandani, basi. Shamba moja linaweza kutoa SFTGFOP1 nzuri mwaka huu na ya hovyo mwaka ujao, na herufi zikabaki zile zile. Isitoshe, baadhi ya nchi zinazolima chai kwa kawaida hazizitumii. Muuzaji mzuri huandika herufi na kuendelea na maelezo; anayeishia kwenye herufi hana la kusema.

Hatua ya 2: Yachunguze madai makubwa

Majina yenye sifa ndiyo yanayovutia udanganyifu, na mengi yana ukweli wake unaojulikana. Ukiujua, utamkamata mtu kwa sentensi moja.

Anzia na Da Hong Pao, oolong ya Uchina. Vichaka mama vya chai hii ni sita, vimeota kwenye jabali la milima ya Wuyi, mkoa wa Fujian, na havijachumwa tangu 2006. Da Hong Pao inayouzwa leo inatoka kwenye miche iliyooteshwa kwa vipandikizi, au ni mchanganyiko wa chai za Wuyi, na hakuna ubaya wowote hapo kama imesemwa hivyo. Anayekwambia yake imetoka kwenye vichaka mama, mfungie ukurasa.

Darjeeling inalindwa kama jina la mahali nchini India tangu 2004, na katika Umoja wa Ulaya tangu 2011. Mashamba yaliyotambuliwa ni 87. Bodi ya Chai ya India imelalamika kwa miaka mingi kwamba chai inayouzwa duniani kwa jina hilo inazidi kwa mbali ile inayozalishwa kwenye mashamba hayo. Kwa hiyo dai jina la shamba. Hata namba ya mzigo unaweza kuiomba, kwa sababu mashamba ya huko huzipa shehena zao namba zinazoanza na DJ, na muuzaji aliyenunua kwa njia halali anayo kwenye karatasi zake.

Chai ya Sri Lanka ina nembo ya simba aliyeshika upanga. Nembo hiyo huruhusiwa pale tu chai ilipo ya Sri Lanka tupu na imefungwa huko huko. Kukosekana kwake si kosa, maana wauzaji wengi wadogo huagiza kwa wingi na kufunga wenyewe. Kuwepo kwake kwenye pakiti iliyofungwa nchi nyingine ndiko kunakotia shaka.

Kwenye pu-erh utakutana na "miti ya miaka elfu". Miti mikongwe ipo kweli huko Yunnan, lakini ni michache, na umri wa mti hausomeki kwenye jani lililokauka. Mimi huliona dai hili kama mtihani wa unyenyekevu: muuzaji makini husema "miti mikubwa ya kijiji fulani, kwa mujibu wa mkulima" na kukuachia uonje. Uliza pia kama ni mbichi au iliyovundikwa. Ile iliyovundikwa kwa unyevu na joto ni mbinu iliyotengenezwa 1973 huko Kunming, kwa hiyo keki (chai iliyobanwa) ya pu-erh ya namna hiyo inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1950 ni hadithi.

Matcha, chai ya kijani ya unga ya Japani, "ya sherehe" ni neno la biashara. Hakuna sheria inayosema ianzie wapi na kuishia wapi. Uliza badala yake imetoka Uji, Nishio, Yame au Kagoshima, na imesagwa lini. Rangi inasema mengi: kijani kali, hai, ni dalili njema, ila ikielekea njano au kahawia, ama haikukingwa jua vya kutosha kabla ya kuchumwa au imezeeka.

Chai mbili za mwisho zinahusu manukato. Chai ya yasmini ya daraja la juu hutengenezwa kwa kulaza majani pamoja na maua mabichi usiku, kisha maua huondolewa, na kazi hiyo hurudiwa mara kadhaa. Pakiti iliyojaa maua makavu ni pambo, wala si ushahidi wa ubora. Nyingi za namna hiyo zimenyunyiziwa harufu. Na oolong "ya maziwa" ni mche wa Jin Xuan wa Taiwan, ambao kwa asili una ulaini na kaharufu ka siagi ka mbali. Ukifungua pakiti ukapigwa puani na harufu ya pipi ya maziwa, hiyo imetiwa. Kutia harufu si dhambi. Kutosema ndiyo dhambi.

Dai la afya ndilo linaloniudhi kuliko yote. Duka linaloahidi kwamba chai yake inayeyusha mafuta au inaponya sukari limeacha biashara ya chai na kuingia biashara ya kutafuta wanaoteseka. Usinunue hapo hata kama bei ni nzuri. Chini kidogo ya hilo kuna uongo mdogo unaoonyesha kiwango cha elimu: kwamba chai nyeupe haina kafeini (vichipukizi vichanga ndivyo vyenye kafeini nyingi), au kwamba ukimwaga maji ya kwanza baada ya nusu dakika kafeini yote imeondoka. Inaondoka sehemu ndogo tu.

Vyeti vya kilimo hai ni vizuri, ila vinazungumzia shamba, havizungumzii ladha. Cheti halisi huwa na namba unayoweza kuitafuta kwa aliyekitoa. Na muuzaji akikuonyesha majibu ya maabara kuhusu mabaki ya dawa za wadudu, tazama kama yametaja mzigo na mwaka ule ule wa chai unayotaka kununua. Karatasi ya miaka minne iliyopita haihusu pakiti ya leo.

Hatua ya 3: Mwandikie kabla ya kununua

Ujumbe mfupi wa heshima hukupa zaidi ya maoni mia ya wateja. Andika kitu kama hiki:

"Habari. Nimevutiwa na oolong yenu ya Anxi. Naomba kujua imechumwa msimu gani na mwaka gani, imechomwa kwa kiwango gani, na mnashauri maji ya joto gani. Mimi hupenda chai isiyo na ukakasi mwingi. Je, hii itanifaa au kuna nyingine?"

Maswali matatu ya kwanza yanapima ujuzi. La mwisho linapima uaminifu, na ndilo ninalolithamini zaidi. Jibu zuri linaweza kuwa hivi: "Ya vuli mwaka jana, imechomwa kidogo sana, maji nyuzi 95. Lakini ukiiacha muda mrefu inakaza ulimi. Jaribu kwanza ile iliyochomwa zaidi, ina bei ndogo na ni laini." Mtu huyo amekuelekeza kwenye chai ya bei ndogo. Jibu baya unalijua hata kabla halijafika: "Asante kwa kutuandikia! Chai zetu zote ni za ubora wa hali ya juu. Bonyeza hapa kuagiza."

Mpe siku mbili tatu za kazi. Wauzaji wengi wazuri ni watu wawili watatu wanaofunga mizigo wenyewe, na ukimya wa siku moja si dharau.

Kuhusu maoni ya wateja, soma yale ya katikati, ya nyota tatu, na yale mabaya pamoja na majibu ya muuzaji. Maoni yanayotaja chai kwa jina, mwaka na kilichoonekana kikombeni yana uzito. "Nzuri sana, imefika haraka" ni habari ya posta.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya kikombe, si ya pakiti

Pakiti zimetengenezwa ili zisilinganishike: hapa gramu 40, pale 75, kule 100 kwenye kopo zuri. Gawa kwanza bei kwa gramu, ukijumlisha na usafirishaji na ushuru kama upo. Kisha nenda hatua moja zaidi, kwa sababu gramu hazifanyi kazi sawa.

Tuseme chai nyeusi ya kwanza inauzwa 600 kwa gramu 100. Ni 6 kwa gramu. Unatia gramu 3 kwa kikombe, mara moja, unatupa: kikombe ni 18. Oolong ya pili inauzwa 900 kwa gramu 50, yaani 18 kwa gramu, mara tatu ya ile. Lakini gramu zake 5 kwenye buli dogo la mililita 120 unazimiminia maji mara sita, na unapata mililita 720, sawa na vikombe vitatu vikubwa. Gramu 5 ni 90, gawa kwa tatu: kikombe ni 30. Bado ni ghali, ila si mara tatu. Fanya hesabu hii kwa fedha yoyote na utaona chai fulani za kutisha zinashuka bei, na pakiti fulani za kuvutia zinapanda.

Bei ya haki ina sababu zake. Kilo moja ya chai kavu hutaka kilo nne hadi tano za majani mabichi. Ikiwa ni vichipukizi vitupu, kama vya Baihao Yinzhen ya Fujian, mchumaji anatumia siku nzima kupata kiasi kidogo sana. Kwa hiyo chai ya vichipukizi vitupu inayouzwa kwa bei ya chai ya punje haiwezi kuwa inavyodaiwa, au kuna mtu huko shambani ambaye hakulipwa. Ukiona bei ya kutupa, usifurahi kabla ya kuuliza.

Linganisha kufanana na kufanana: Darjeeling ya mavuno ya kwanza ya shamba moja na nyingine ya mavuno ya kwanza ya shamba moja, mwaka ule ule. Kulinganisha na pakiti yoyote yenye jina hilo ni kujidanganya. Jihadhari pia na punguzo lisiloisha. Duka ambalo kila wiki limepunguza bei kwa nusu halijapunguza kitu. Bei yake halisi ndiyo hiyo nusu.

Hatua ya 5: Agiza kidogo, na uagize cha bei ya chini pia

Muuzaji wa chai ya bei kubwa asiyeuza sampuli za gramu 10 hadi 25 anakutaka ununue mbuzi kwenye gunia. Sampuli ilipiwe, si lazima iwe ya bure. Chukua tatu: mbili za aina moja kwa bei tofauti, na moja ambayo ni ya bei ya chini kabisa dukani kwake. Hiyo ya tatu usiiache. Kila duka hujitahidi kwenye chai yake ya juu. Ile ya chini ndiyo inayoonyesha mwenye duka anakataa nini. Na zile mbili za aina moja zitakwambia kama bei inapopanda kuna kinachopanda nacho kikombeni.

Mzigo ukifika, kagua haraka. Pakiti iwe haipitishi mwanga na imezibwa barabara. Hewa, joto, mwanga, unyevu na harufu za vitu vingine ndivyo adui wa chai. Mtungi wa kioo uliokaa dirishani ni mzuri kwenye picha tu. Tarehe na namba ya mzigo ziwepo kwenye pakiti, zikilingana na ulichosoma. Pima uzito kwa mizani ndogo ya jikoni. Yote hayo ni ya dakika mbili.

Hatua ya 6: Ionje kama waonjaji wanavyoionja

Sasa tumefika kwenye chai yenyewe. Waonjaji wa biashara ya chai hawanywi kwa starehe. Wana kipimo, kimeandikwa kama kiwango cha kimataifa cha ISO 3103: gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika sita, kwenye chombo cheupe cha kauri. Kikombe kinachotoka hapo ni kikali, wala hakikukusudiwa kufurahisha. Kimekusudiwa kufichua. Kasoro ambazo maji ya uvuguvugu na muda mfupi huzifunika, hapa hujitokeza zote. Chai ya kijani au nyeupe inaonewa kidogo na kipimo hiki, ila ikiwa zote zimeonewa sawa, ulinganisho unabaki wa haki.

Pima sampuli zote kwa gramu sawa, maji yale yale, saa ile ile. Vikombe viwe vyeupe. Mwombe mtu abandike namba chini ya kila kikombe ili usijue ipi ni ipi, kwa sababu bei huingia mdomoni kabla ya chai. Maji yasiwe mazito ya chokaa. Hayo huweka utando juu na kuua harufu, na utamlaumu muuzaji kwa kosa la bomba.

Anza na jani kavu. Mwaga kiganjani au kwenye sahani nyeupe. Tafuta usawa: ukubwa mmoja, rangi moja au mchanganyiko uliokusudiwa. Vijiti, vumbi na vipande vilivyovunjika chini ya pakiti ya chai inayodaiwa kuwa ya majani mazima ni alama mbaya. Pumulia hewa ya moto juu ya majani kisha nusa, harufu hufunguka. Chai njema inanukia wazi, hata kama ni kwa mbali. Isiyonukia kitu imezeeka. Inayonukia ukungu, kadibodi au vikolezo vya jirani imehifadhiwa vibaya.

Kisha maji yaliyoiva. Rangi ya chai nyeusi njema ina mng'ao, kama vile ina mwanga ndani yake. Ile iliyofifia, ya tope, aghalabu ilikaushwa vibaya au imeshika unyevu. Ikipoa ikafanya wingu, usiogope, mara nyingi ni dalili ya chai yenye nguvu. Vuta kwa kijiko kwa kishindo, hewa iingie pamoja na chai, isambae ulimi mzima hadi nyuma ya pua. Hapa tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ukakasi, ule unaokausha na kubana ulimi, na uchungu. Ukakasi ulio hai unaoondoka haraka na kuacha utamu kooni ni sifa. Ukakasi unaobaki umekwama kwenye ulimi na mashavu, na uchungu usiopisha kitu kingine, ni kasoro au ni majani makongwe. Subiri dakika nzima baada ya kumeza. Chai ya bei ya juu inaendelea kuzungumza. Ya kawaida imeshanyamaza.

Mwisho fungua majani yaliyopikwa. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo wanunuzi wengi huitupa jaani. Jani lililolowa hufunguka na kurudi karibu na sura yake ya shambani. Chukua moja, lilaze kwenye sahani. Ulisoma "kichipukizi na majani mawili": je, unaviona vimeshikana kwenye bua laini, au una vipande vilivyokatika na jani moja gumu lenye mishipa? Oolong iliyosokotwa kama vimpira vidogo ikifunguka, tazama ukingo: mara nyingi kuna wekundu pembeni na kijani katikati, alama ya majani kutikiswa na kugeuka kwa hewa. Madoa meusi ya kuungua, rangi tatu nne tofauti kwenye chai inayodaiwa kuwa ya shamba moja na siku moja, majani yaliyogoma kufunguka: andika yote. Hapa maelezo ya dukani yanasimama au yanaanguka.

Siku nyingine ipike tena kwa maelekezo ya muuzaji mwenyewe. Maelekezo hayo pia ni sehemu ya ubora wake. Chai ya kijani ya Japani iliyokingwa jua, kama gyokuro, hutaka maji ya nyuzi 50 hadi 60; aliyeandika "maji yanayochemka, dakika tano" kwa chai zake zote hajawahi kuzinywa.

Hatua ya 7: Huduma hupimwa siku mambo yalipoharibika

Kila muuzaji ni mpole siku ya kupokea pesa. Subiri pakiti ipasuke njiani, au chai ije na harufu ya unyevu, au mzigo wa mwaka jana uje badala ya wa mwaka huu. Mwandikie kwa utulivu: jina la chai, namba ya mzigo, picha ya pakiti na ya majani yaliyolowa, ulichokitarajia na ulichokipata.

Uwe mkweli kuhusu tofauti ya kasoro na mapenzi. "Siipendi" si kasoro; chai ya moshi wa msonobari inanukia moshi, na muuzaji hana deni nawe kwa hilo. Chakula kilichofunguliwa hakirudishwi kwenye maduka mengi, na ni haki, ndiyo maana ulichukua sampuli. Lakini unyevu, harufu ngeni, mwaka tofauti, uzito pungufu, hayo ni yake.

Muuzaji mzuri atakuuliza maji gani, joto gani, gramu ngapi, na atakuuliza kwa kutaka kujua. Pengine naye ataipika kutoka mzigo ule ule kabla ya kujibu. Kisha atabadilisha au atarudisha pesa, na kukwambia lini. Mbaya atabishana na ulimi wako, au atakupa kuponi ya kununua tena kile kile kilichoharibika.

Kuna kosa moja ambalo mimi silisamehe: kubadilisha mzigo kimyakimya. Chai ya shamba dogo huisha. Muuzaji mwaminifu huandika "imekwisha" au hubadilisha mwaka kwenye maelezo na kusema ladha imebadilikaje. Mwingine huacha picha ile ile, sifa zile zile na maoni yale yale ya wateja, akatia chai nyingine ndani. Utamjua kwa kuhifadhi gramu chache za sampuli ya kwanza, zimezibwa vizuri na kuandikwa tarehe, na kuzipika kando ya agizo la pili kwa kipimo kile kile cha dakika sita. Kwa chai ya kijani fanya hivyo ndani ya miezi michache. Kwa nyeusi na oolong iliyochomwa unaweza kusubiri hadi msimu unaofuata.

Andika matokeo kwenye daftari: duka, chai, mwaka, bei ya kikombe, majani yalivyoonekana, jibu la barua yako lilivyokuwa. Mavuno mapya yakitangazwa, mwandikie muuzaji tena umuulize ya mwaka huu imetofautiana vipi na ya mwaka jana, kisha ulinganishe jibu lake na daftari lako kabla ya kuagiza pakiti kubwa.